Kontena la Wageni

Palikuwa na mama mmoja wa Songea, mke wa bwana shamba, na nawaambieni mapema, ndugu zangu, huyu mama alijua kupanga. Hakuwa kama wale wa kuanza mwezi kwa nyama na kuumaliza kwa kuazima chumvi kwa jirani. Shilingi haikutoka mkononi mwake mpaka imejieleza inakwenda wapi. Tumwite Mama Otilia, kwa jina la bintiye.

Basi mumewe akahamishiwa Morogoro. Nyumba waliyokuwa wanajenga huko ilikuwa haijaezekwa, kwa hiyo ilibidi waanze na vyumba viwili vya kupanga, na vitu vya nyumba nzima havienei kwenye vyumba viwili. Mama Otilia akapata habari za makontena ya kuhamia. Wanakuletea kontena tupu mpaka uani kwako, unapakia taratibu, unafunga kwa kufuli lako mwenyewe. Lori linakuja kulibeba, na kama nyumba yako bado, wanakutunzia kwenye yadi yao huko uendako, wewe unalipia kila mwezi. Akasema hapo sawa, maana vibarua wa lori la kawaida wanarusha kabati la mtu kama gunia la mkaa.

Akaketi kupanga bajeti. Akatenga fungu la kontena na la yadi, la kodi, la nauli za familia. Na akatenga fungu moja zuri sana, akaliita "mtu akija". Ndivyo alivyolelewa, kwamba mtu akija anapokelewa. Aliyemlea hivyo ni mama yake mdogo wa Mbinga, aliyemchukua baada ya mama yake mzazi kufariki, akamsomesha kwa kahawa ya shambani.

Kwa hesabu hiyo, kontena dogo lilitosha. Akapima kwa futi vitanda, meza, masanduku, vyote vikaingia. Vikabaki vitu vya wageni.

Mnavijua vitu vya wageni? Msinitazame hivyo, mnavijua. Lile kabati la kioo ambalo mtoto akiligusa anachapwa. Vikombe vya maua ya dhahabu ambavyo havijaonja chai tangu harusi. Makochi yamefunikwa vitambaa vya kufuma, na kitanda cha wageni ambacho godoro lake bado limo kwenye nailoni.

"Hivi tuviuze," mumewe akasema. "Nyumba ikiisha tutanunua vingine."

"Na wageni wakija wakalie ndoo? Baba Otilia, mimi siendi kuaibika ugenini."

Akaagiza kontena kubwa. Pesa ya kuongezea aliitoa wapi? Alilikata lile fungu la "mtu akija", akalimaliza lote. Akapiga hesabu upya, ikakubali, akalala usingizi mnono.

Wakahama salama, hata sahani haikupata ufa. Kontena likakaa yadi, ufunguo ukakaa kwenye mkoba wa mama. Hawajazoea hata maji ya Morogoro, simu ikaita. Alikuwa mama mdogo.

"Mwanangu, haya macho yamenishinda. Wanasema ni mtoto wa jicho, wameniandikia hospitali ya huko kwenu, nipasuliwe wiki ijayo. Nikikosa hiyo nafasi sijui nyingine lini. Naomba nifikie kwako, na unisaidie nauli."

Mama Otilia akaangalia chumba. Godoro la watoto liko chini, masufuria yako kwenye boksi, na pa kukaa ni mkeka tu. Akaona aibu kumpokea mtu mzima mahali kama pale. Kumkataa, ndugu zangu, hakukumtia aibu hata kidogo, na hapo ndipo huyu mama aliponiudhi.

"Mama, ungesubiri kidogo. Hapa hatuna pa kukuweka. Vitu vyote vya wageni viko kwenye kontena, na pesa imeishia hukohuko. Nyumba ikiisha utakuja, utalala pazuri."

Kisha yule mama akasema kwa upole, "Haya, mwanangu. Hao wageni wakifika, wape salamu zangu."

Akakata.

Mama Otilia akabaki ameishika simu. Akajiuliza, wageni gani? Ni nani mwingine niliyekuwa namtunzia vile vikombe? Akalia, akalia kwa uchungu. Alipojifuta machozi akampa mumewe ufunguo. "Nenda yadi, Baba Otilia. Kauze makochi." Kisha akapiga simu Mbinga. "Mama, jiandae. Nauli inakuja leo. Utalala na Otilia kwenye godoro la chini, mimi na mume wangu tutajibana."

Yule mama akaja, akanywea chai kwenye kikombe cha plastiki, akapasuliwa, akaona.

Sasa sisi. Mimi sikatazi bajeti, pangeni, tena pangeni vizuri. Lakini tunamtunzia nani? Stoo ya kanisa letu ina viti vya wageni vilivyofunikwa nailoni, na juzi mjane aliyekuja kuomba pa kulala hapa tulimwambia asubiri kwanza tukae kikao. Tunasema nikimaliza kujenga, nikishavuta umeme, nikipata sebule ya maana, hapo ndipo nitapokea watu. Mungu hakutuagiza tupokee watu sebuleni. Ametuagiza tuwapokee.

Kila Jumapili nawaambia mzime simu. Leo ziwasheni. Yuko mtu uliyemwambia "subiri kidogo", na unamjua kwa jina. Kwaya, kaeni kwanza. Wewe toka nje umpigie, umwambie aje. Sisi tutakungoja hapa.