Daktari wa Ndani ya Simu

Hapo zamani, wala msinikodolee macho, si zamani ya fisi kusema na sungura kujibu, ni zamani ya mvua tatu tu zilizopita, palikuwa na kitongoji kiitwacho Igalamilo, huko kwenye nchi ya tumbaku na asali. Zahanati ilikuwa mbali, asubuhi nzima kwa baiskeli. Umeme haukuwako. Mkunga alikuwako mmoja, Bibi Nyanzobe, na Bibi Nyanzobe alikuwa na kitochi, kile kisimu cha vitufe chenye taa kichwani. Uzazi ukiharibika alimpigia nesi wa zahanati, na nesi akaja na gari. Miaka saba kitochi kilifanya kazi hiyo bila kulalamika.

Kisha Kabula, mke wa Mihayo, alizaa mtoto, mtoto akafa. Nesi akasema, "Laiti ningeiona ile damu kwa macho yangu, ningeleta gari saa ileile. Kwa kuambiwa tu nilidhani ni ya kawaida." Kabula hakulisahau neno lile. Yeye ambaye hata salamu aliitoa kwa kunong'ona, alisimama mbele ya mkutano wa kitongoji akasema, "Mnunulieni bibi simu ya kupiga picha, nesi awe anaona. Wangu ameshakwenda, lakini wapo wanaokuja." Nani angebisha? Watu wakachanga.

Wakateuliwa wawili kwenda mjini kuchagua. Wa kwanza Nkwabi, fundi baiskeli, mtu anayejua thamani ya kila nati. Wa pili Milembe, fundi cherehani, aliyefika kidato cha nne na aliyewahi kumiliki simu janja kabla haijamwangukia kisimani. Huyo Milembe mshikeni vizuri, maana hadithi hii nitaipita nikiwa bega kwa bega naye. Alikuwa ameolewa miaka tisa, na katika miaka tisa hiyo hakupata mtoto, hata wa kusingiziwa. Alishona nguo za watoto wa kitongoji kizima, na kila moja aliitandaza kwanza gotini akaitazama kabla ya kuikunja. Nkwabi alikuwa kaka wa mume wake.

Muuza duka aliwawekea simu tatu juu ya kioo.

Ya kwanza ilikuwa ya kampuni ambayo hata mbuzi wa mjini wanaijua. Waliuliza bei, wakairudisha taratibu kama watu waliogusa sufuria ya moto.

Ya pili ilikuwa ndogo, nyeusi, ya kampuni isiyo na makelele. Milembe aliiwasha. Ndani palikuwa na simu, ujumbe, kamera na vitu vichache vya lazima, basi. Muuza duka akasema kampuni yake imeahidi kuisasisha miaka minne. Chaji yake ilikuwa ya siku moja.

Ya tatu ilikuwa bei sawa na ya pili, lakini kubwa mara moja na nusu, bluu inayometameta, kamera nne mgongoni, chaji ya siku tatu, na juu yake fulana ya bure. Milembe akaiwasha nayo. Ukurasa wa kwanza programu, wa pili programu, wa tatu programu. Michezo, mikopo, habari za wasanii, ya kusafisha takataka, ya kutabiri nyota, na moja iitwayo Daktari Wako, yenye picha ya bwana mwenye koti jeupe anayetabasamu.

"Hizi nani kaziomba?" akauliza.

"Zinakuja nayo kutoka kiwandani."

"Zinafutika?"

"Hazifutiki, dada. Lakini kwani zinakula ugali wako? Ziache zikae."

Nkwabi alikuwa ameshaishika ile kubwa kwa mikono miwili. "Shemeji," akasema, "kwetu hakuna umeme. Hiyo ndogo yako ikizimika mtu yuko kwenye uchungu, utawaambia nini watu? Utawaambia ilikuwa safi ndani?"

Milembe alikuwa na neno. Alitaka kusema kwamba simu iliyojaa vitu vya watu ni kama chumba cha uzazi kilichojaa wageni: siku ya shida kila mmoja atasimama mlangoni. Lakini Nkwabi alikuwa mkubwa wake, ameshatabasamu, na fulana ameshaiweka begani. Neno akalimeza.

"Sawa, shemeji," akasema. Wakarudi na ile kubwa.

Laini ikatolewa kwenye kitochi ikatiwa kwenye simu mpya. Kitochi kikapewa wajukuu wakichezee, miaka saba yake ikaishia kwenye mchanga. Milembe aliiweka simu katika Kiswahili, kisha akaipachika picha ya nesi ukurasa wa mbele, ili bibi abonyeze uso tu na simu iite. Vile vikorokoro vingine alivikusanya akavificha nyuma. Daktari Wako aliificha mara ya kwanza. Simu ikajisasisha, programu ikarudi mbele. Akaificha mara ya pili; simu ikajisasisha, ikarudi mbele, na safari hii ikawa inajifungua yenyewe bila kuguswa. Milembe aliiona. Siku hiyo alikuwa na sare za harusi mezani, watu kumi na wanane, na bwana harusi hana subira.

"Nitakuja Alhamisi niizime kabisa, bibi," akasema.

Sasa tuseme haki, maana mimi sipendi hadithi ya kuonea. Miezi yote kabla ya hapo ile simu ilisaidia. Wanawake wawili walipata gari kwa wakati kwa sababu nesi aliona picha. Chaji haikuisha hata mara moja. Nkwabi akawa anatembea kifua mbele na fulana yake, na nani angemlaumu?

Na Kabula alikuwa ameshika mimba tena, siku zake zimekaribia.

Alhamisi ile ikafika, na uchungu wa Kabula ukafika nayo. Milembe alikuwa gulioni akipeleka zile sare. Kwa desturi ya Igalamilo, chumba cha uzazi hakiingiwi na jicho lisiloitwa, na simu ile ilikuwa na macho manne. Kwa hiyo Bibi Nyanzobe huiacha nje. Akitaka nesi aone kitu, hutoa kitambaa mlangoni, kikapigwa picha palepale. Siku zote aliyekaa na simu pale nje alikuwa Milembe. Siku ile akakaa Mihayo, mwenye mke.

Adhuhuri mkono wa bibi ukatoka na kitambaa. "Mpigie nesi," akasema. "Upesi, baba."

Mihayo akapeleka kidole kwenye uso wa nesi. Kabla hakijafika, kioo kikabadilika chenyewe, akatokea yule bwana wa koti jeupe. Chini yake paliandikwa kwa Kiswahili safi: Habari. Mimi ni Daktari Wako. Nini kinakusumbua?

Mihayo hakuwa na simu ya namna ile. Aliandika herufi moja baada ya nyingine: damu.

Asante, ikajibu. Tafadhali subiri. Daktari anakuja kukuhudumia. Na kiduara kikaanza kuzunguka.

Mihayo akakaa chini akasubiri.

Naona mmoja wenu anacheka. Cheka, lakini uniambie wewe umetibiwa wapi. Mihayo tangu azaliwe, kila alipopeleka ugonjwa mbele ya koti jeupe aliambiwa subiri. Aliwaona waliosimama kuuliza wakirudishwa mwisho wa foleni. Aliijua adabu ya daktari kama anavyoijua njia ya shambani: akisema subiri unakaa, unakunja mikono, unanyamaza, na ukinyamaza vizuri atakuita. Basi alinyamaza vizuri kuliko siku zote za maisha yake.

"Umempata?" bibi akauliza kutoka ndani.

"Nimempata daktari mwenyewe, bibi. Kasema tusubiri."

Bibi Nyanzobe akamshukuru Mungu. Daktari ni mkubwa kuliko nesi. Hakutoka kuangalia.

Milembe alirudi kutoka gulioni jua limeinama. Alimkuta Mihayo ameketi wima kwenye kigoda, simu iko magotini, mikono miwili juu yake, na kile kiduara kinazunguka. Hakuuliza. Alimnyang'anya simu, akamfunga yule bwana, akabonyeza uso wa nesi. Nesi akapokea mlio wa kwanza.

"Amesema anakuja," Mihayo akamwambia. "Mbona umemkatia?"

Mtoto alizaliwa gari likiwa njiani, msichana, mzima, analia. Kabula alimwona, akamshika kidole kimoja, akafa kabla gari halijafika. Nesi alishuka, akaingia chumbani, akatoka. Akauliza damu ilianza saa ngapi. Walipomjibu, akageuka akaenda kusimama nyuma ya gari, na huko alikaa muda mrefu.

Msibani watu hulia, halafu hunong'ona. Siku tatu walinong'ona.

Nkwabi akasema, "Mimi nilinunua chaji, na chaji ilikuwepo. Si langu hilo."

Bibi Nyanzobe akasema, "Mimi nilisema mpigie nesi. Waliniachia kitochi? Si langu hilo."

Mihayo akasema, "Mimi niliambiwa nisubiri. Si langu hilo." Akalisema mara nyingi, hata hakuna aliyemuuliza.

Milembe naye moyoni alikuwa akisema: mimi ndiye niliyepiga simu, nesi akapokea. Si langu hilo.

Na mtu mmoja, jina lake silitaji kwa kuwa bado ana aibu nalo, akasema simu yenyewe aliitaka marehemu. Mihayo akasikia. Alitoka akaenda kukaa kwenye bani la tumbaku, kile kibanda cha kukaushia majani, hakurudi mpaka walipomfuata.

Siku ya nne mama yake Mihayo akawaita wote wanne uani. Mtoto alikuwa amelala mkekani, simu iko kando yake, maana hakuna aliyetaka kuishika. Mama yule akasema, "Mnaijua desturi ya hapa. Mama akifa kwa kosa la mtu, mtoto analelewa na mwenye kosa. Aliyemnyima mama ndiye amkeshee. Sitaki maneno ya msibani. Nataka mtu mmoja aseme kosa ni lake, amchukue huyu, amlee mpaka aolewe. Na siku atakapouliza mama yake alikufaje, huyohuyo amwambie kwa kinywa chake."

Mtoto akaamka, akafungua mdomo, akakosa cha kunyonya, akalia. Na hapo, wenzangu, wale waliosema si langu walianza kusema lingine.

Nkwabi akasema, "Kosa ni langu. Niliambiwa zile takataka hazifutiki, nikanunua. Niliona ukubwa, nikaona kamera, nikaona fulana. Nilidhani cha bure ni bure. Nina mbuzi wa maziwa watatu. Nipeni nimlee."

Bibi Nyanzobe akasema, "Kosa ni langu. Niliogopa macho ya simu kuliko niliyoyaona kwa macho yangu. Ningetoka hatua mbili tu ningeuona uso wa mtu nisiyemjua. Nimepokea watoto wa watu miaka arobaini. Huyu nipeni nimlee, hata kama nitamlea kidogo."

Mihayo akasema, "Kosa ni langu. Mke wangu alikuwa analia nyuma ya ukuta, na mimi nilikuwa naogopa kumkera daktari. Ni mwanangu. Mtampa nani mwanangu?"

Zamu ikafika kwa Milembe. Alikuwa ameshamchukua mtoto mkekani, wala hakumbuki alimchukua saa ngapi. "Kosa ni langu," akasema. "Dukani nililijua neno nikalimeza kwa sababu ya heshima. Na yule daktari nilimwona anajifungua mwenyewe. Hawa wengine hawakujua, mimi nilijua, nikasema Alhamisi. Nipeni mimi."

Mama yake Mihayo akamtazama sana. "Milembe mwanangu," akasema, "unasema hivyo kwa ajili ya kosa, au kwa ajili ya mtoto?"

Milembe alitafuta ndani yake mahali ambapo kosa linaishia na hamu inaanzia, akapapasa, hakupaona. Mtoto alikuwa ameacha kulia. Alikuwa wa joto, mzito kidogo kuliko nguo. Machozi yakamtoka, na hata yale hakujua ni ya nini, akaona haya kuyafuta.

Ndipo simu ikawaka pale mkekani yenyewe. Ilikuwa ni siku ya nne na chaji ndiyo kwanza inakaribia kuisha, Nkwabi hakudanganya. Yule bwana wa koti jeupe akatokea anatabasamu. Chini yake pameandikwa: Samahani kwa kukuchelewesha. Je, umeridhika na huduma yetu?

Wote watano waliisoma. Aliyekuwa hajui kusoma alisomewa. Hakuna aliyebonyeza, wakaiacha mpaka ikazimika.

Mimi nimefika mwisho wa kamba yangu, ncha nawapa ninyi, na msiniambie ni mapenzi ya Mungu, hilo hata Mihayo alilisema na halikumsaidia. Yuko aliyenunua, yuko aliyejua akanyamaza, yuko aliyefuata desturi, yuko aliyesubiri. Kila mmoja amekiri, na kila mmoja amenyoosha mikono. Mtoto hana jina bado, na njaa inamrudia. Je, kosa lilikuwa la nani, na huyo mwenye kosa, ninyi mngempa mtoto?