Ukili wa Kijani

Ajuaye ukili hapotei mkekani. Mmeusikia usemi huu kwa akina mama wa hapa Konde, wanangu, na mnataka kujua ulitoka wapi. Niliuanzisha mimi Makame, baba yenu, kwa sababu ya aibu yangu mwenyewe.

Mwaka ule shangazi yenu Time, dada yangu mkubwa, alialikwa Uchina kwenye maonyesho ya kazi za mikono. Kikundi chao kilikuwa na wanawake kumi na wanane, na kwa miezi minane walikuwa wakitia rangi miyaa, yale majani ya mkindu, wakisuka kili, kila ukili ukanda mrefu mwembamba, na kuzishona pamoja ziwe mikeka. Sharti lilikuwa moja: asiyefika mezani kwake kabla ya saa nne asubuhi, meza anapewa mwingine. Nilitumwa kumsindikiza kwa kuwa niliwahi kufanya kazi melini, na nilikuwa nikijigamba kwamba hakuna mji wa kunishinda.

Hotelini walitupa ramani ya treni za chini ya ardhi. Kituo cha hoteli kilitiwa nukta, cha maonyesho kikazungushiwa duara, na maandishi yote ni Kichina. Niliikunja nikaitia mfukoni. Pale stesheni watu walikuwa wakimiminika upande mmoja.

"Penye wengi hapaharibiki neno, dada," nikasema. "Twende nao."

Tukapanda nao. Kila kituo wengi wale wakapungua, hata mwisho wa njia tukabaki sisi wawili na mzigo wetu wa mikeka. Ilikuwa saa tatu.

"Haya, hao wengi wako wapi?" dada akaniuliza. "Lete karatasi."

"Utaisomaje? Kichina hicho!"

"Lete, nimesema."

Aliikunjua juu ya mzigo, akaitazama, kisha akaangua kicheko.

"Makame, si mkeka huu? Kila njia ni ukili, na kila ukili una rangi yake. Nguzo hizi nyekundu huzioni? Tumo kwenye ukili mwekundu, pindoni kabisa. Nilihesabu tulipokuwa tukija: vituo kumi na vinne tangu kwenye nukta. Duara letu liko kwenye kijani. Sasa mwekundu na kijani zimeshonwa wapi?"

"Sijui, dada."

"Hapa tu. Turudi vituo tisa, tushuke mshononi, tushike kijani, vituo vitatu. Beba mzigo!"

Nikabeba. Alihesabu kwa vidole mpaka cha tisa, tukashuka. Umati ukakata kushoto, na miguu yangu ikaanza kuufuata yenyewe. Dada akanidaka mkono.

"Hao wana kwao, Makame. Sisi kwetu ni kijani."

Kweli, ukutani upande wa kulia palipakwa mstari wa kijani. Tukaufuata mbio, mimi nikihema nyuma yake.

Tulifika zimebaki dakika sita. Msimamizi alikwisha kushika kibao cha meza yetu akingoja saa itimie. Dada hakubishana naye. Aliutandaza mkeka mkubwa juu ya meza, rangi moja baada ya nyingine, kisha akasimama nyuma yake, mikono kiunoni. Yule bwana akautazama mkeka, akakirudisha kibao mahali pake. Hadi alasiri hatukubakiwa na hata mkeka mmoja, na kikundi kilipata kazi ya mwaka mzima. Nililia kwa furaha, mtu mzima mimi.

Tuliporudi Konde, wanawake wengine wote kumi na saba walinizunguka mimi.

"Hongera, Makame! Hebu tueleze, ulimwongozaje dada yako katika mji ule?"

Dada aliniachia mimi nijibu nitakavyo, na uongo ulikuwa tayari mdomoni. Nilimtazama, nikaumeza.

"Mimi nilimpoteza," nikasema kwa sauti, wasikie wote. "Aliyenifikisha ni yeye. Ajuaye ukili hapotei mkekani!"

Vigelegele vya siku ile vilisikika mpaka barabarani.