Kwa Nini Bakuli la Jirani Halirudi Tupu

Kulikuwa na wakati bakuli likitoka kwako na chakula kwenda kwa jirani, ulikuwa umeagana nalo. Jirani alikula maharage yako na bakuli likabaki kwake. Kulirudisha kulikuwa tusi, maana bakuli tupu lilimwambia mwenyewe: nimekuchoka, usinijie tena. Watu waliachana kabisa kwa jambo hilo. Basi aliyependwa na wengi alijaziwa vyombo nyumba nzima, na asiyependwa alikuwa na nyumba yenye nafasi nzuri sana. Mambo yalikuwa hivyo, wala hakuna aliyeona ajabu.

Katika kijiji cha Kwamlanzi aliishi mkunga mmoja, mjane, jina lake Mwanamvua. Nyumba yake ilikuwa ya chumba kimoja. Kila mtoto wa kijiji kile alipokewa kwanza na mikono yake, na mtoto akitimiza siku saba, mama yake alimpikia mkunga wali au ugali mzuri, akampelekea katika chombo kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo. Alizalisha hivyo kwa miaka thelathini, hebu fikirieni wenyewe. Mabakuli yalianza ukutani, yakashuka sakafuni, yakaingia uvunguni, yakapanda kitandani. Nyungo zilirundikana nyuma ya mlango hata mlango ukawa haufunguki wote, na mwenye nyumba akawa anaingia kwake kwa ubavu.

Msimcheke. Kwake kila chombo kilikuwa na mtu ndani yake. Chungu hiki ni cha yule aliyetanguliza miguu, kikapu kile ni cha yule aliyekataa kulia mpaka akapigwa kofi. Alikuwa akivifuta vumbi kimoja kimoja, akiviita kwa majina ya watoto, na moyo wake ulikuwa mweupe.

Mwaka ule mvua zilizidi, na ukuta wa nyumba ya mama yake, Bi Nyange, ukaanguka. Bi Nyange alikuwa mzee wa magoti mabovu, aliyeishi peke yake ng'ambo ya mto. Akaja kwa binti yake na fimbo na kifurushi kimoja, akaingia kwa ubavu kama wengine, akatafuta pa kukaa. Akapata nafasi kati ya vyungu viwili, pana kiasi cha mtu kukunja miguu. Asubuhi Mwanamvua alimkuta amekaa vilevile, mgongo ukutani, magoti kifuani.

"Umelalaje, mama?"

"Nimelala vizuri, mwanangu. Vizuri sana."

Kisha akajaribu kuinuka, miguu ikamkatalia. Ilibidi ainuliwe. Alipokwisha kusimama, alitabasamu, akasema bila kinyongo kwamba angekaa siku tatu tu, halafu arudi kwake. Nako kwake hakukuwa na ukuta. Mwanamvua alitoka uani akajifanya anapepeta mtama, kumbe analia.

Alifikiria kuongeza chumba, lakini hakuwa na miti wala makuti, wala chakula cha kuwalisha mafundi. Alifikiria kuvitupa vyombo, lakini aibu hiyo isingebebeka. Mwisho akaona aanze na Semeni, jirani wa ng'ambo ya njia na shoga yake wa tangu usichana. Yeye ndiye angemwelewa. Kulikuwa na bakuli la udongo lililomeguka ukingo, ambalo Semeni alimletea wakati wa pacha wake. Lilikaa jikoni, na kuku wake mwekundu alizoea kutagia humo. Mwanamvua akaliosha likang'aa, akalipeleka.

Semeni aliliona, uso ukambadilika.

"Hili si langu? Si la pacha wangu hili?"

"Ndilo, shoga yangu. Mama hana pa kunyoosha miguu, nyumba imejaa..."

"Imejaa, ukaona wa kuanza kutoka ni mimi."

Akaingia ndani akafunga mlango. Bakuli likabaki barazani. Semeni hakuligusa, kwa kuwa kuligusa ni kukubali kwamba urafiki umekwisha. Mwanamvua naye hakulifuata, kwa kuwa aibu ilikuwa imemshika miguu. Siku ya kwanza ikapita, watu wakipita wanaliona, wanatikisa vichwa. Siku ya pili Bi Nyange akaanza kufunga kifurushi chake.

Sasa, wapo wanaopenda kusema desturi zetu zote zilitungwa na wenye busara, waliokaa kitako wakashauriana. Hii ilitungwa na kuku. Yule mwekundu aliingia jikoni saa yake ilipofika, asilione bakuli lake. Alizunguka nyumba akilalamika, akachungulia vyungu vyote, vyote akavikataa, maana kuku ana kiburi kuliko bibi harusi. Akatoka uani, akavuka njia, akapanda baraza ya Semeni. Akalitambua bakuli kwa ule ukingo uliomeguka. Akaketi humo, akamaliza shughuli yake, akatangazia kijiji kizima.

Semeni alifungua mlango kuona kelele ni za nini. Kuku alikuwa ameshaondoka. Ndani ya bakuli palikuwa na yai, bado la moto.

Alilitazama muda mrefu. Alijua Mwanamvua alikuwa na kuku mmoja tu, na kwamba mayai yake yalikuwa yakichemshwa kwa ajili ya Bi Nyange apate nguvu. Akalitoa yai, akaliweka ndani taratibu, akavuka njia mikono mitupu, machozi yanamtoka.

"Mwanamvua, yai la mama unanipa mimi?"

Mwanamvua alifungua kinywa aseme kweli, kwani hakuwa mwongo. Lakini kutoka kati ya vyungu Bi Nyange alikohoa. Hakikuwa kikohozi cha ugonjwa. Kilikuwa cha mama anayemwambia mwanawe anyamaze.

"Karibu, shoga," akasema Mwanamvua. "Pita kwa ubavu."

Semeni akapita. Akamwona Bi Nyange alivyokunjwa pale, na kifurushi kimeshafungwa. Hapo ndipo alipoelewa kwamba hakuna aliyekuwa akimfukuza. Akavua ushungi, akaufunga kiunoni, akaanza kutoa vyombo nje.

Walivipanga uani kwa mujibu wa nyumba zilikotoka, Bi Nyange amekaa juu ya kinu anauliza, "Na hili la nani?" Mwanamvua akawa anasimulia: aliyezaliwa njiani, aliyezaliwa siku ya mazishi, aliyekuja na nywele nyingi mpaka baba yake akaogopa. Wakacheka mpaka mbavu zikauma. Shida ikawa ni nini cha kutia ndani, kwa kuwa mayai yangehitaji miaka. Basi walitia kilichokuwepo. Chumvi kidogo. Vichipukizi vya rihani. Ndimu, ukwaju, mbegu za maboga. Makaa ya moto kwa aliyezimikiwa na jiko. Chungu kimoja kilipelekwa na marando ya viazi ya kupanda, na nyumba ile ilikula viazi hivyo msimu mzima.

Waliopelekewa walianza kukunja nyuso, kama ada. Lakini mtu akipewa bakuli hulichungulia kwanza kabla ya kukasirika, na wakichungulia walikuta kitu. Hasira ikakosa pa kukaa. Na wengi, tuseme kweli, walifurahi, maana nyumba zao zilikuwa zimebaki zinakula kwa zamu katika bakuli moja.

Siku ya sita Mwanamvua alibaki na chungu, mabakuli matatu, na ungo mmoja aliouning'iniza kwenye kigingi. Alifagia sakafu ambayo hakuwa ameiona tangu ujana. Akatandika mkeka kutoka ukuta hadi ukuta.

Asubuhi Bi Nyange hakusema kwamba amelala vizuri. Jua lilikuwa limeshaingia kwa ule mlango uliofunguka wote, naye bado amelala, miguu ameinyoosha mpaka mwisho. Mwanamvua alikaa kizingitini akamtazama, hakumwamsha. Kifurushi kilifunguliwa siku ile na hakikufungwa tena.

Tangu hapo vyombo vya Kwamlanzi vikawa havikai. Huja na hiki, hurudi na kile, na vijiji vingine viliona, vikaiga. Ndiyo maana bibi yako, akikuona unatoka na bakuli la watu, hukuita urudi, akapekua jikoni ambako hamna kitu, mpaka apate japo ndimu moja ya kutia. Mwache apekue. Mahali fulani kuna mzee ananyoosha miguu.