Ushahidi wa Jeneza la Hudaij

Inasimuliwa kwamba katika mji mmoja wa watu wa kale palikuwa na amiri dhalimu aliyekizungushia ukuta kisima cha wakfu, maji yakawa ya bustani zake. Mja mmoja mwema, Hudaij, akasimama msikitini baada ya swala ya Ijumaa akasema, "Ewe Amiri, wenye kiu watakushitaki kwa Mola wao." Hakuna aliyemuunga mkono. Haikupita wiki akarejeshwa kutoka gerezani, maiti juu ya machela. Kisha mpiga mbiu wa amiri akapita mitaani: atakayemshuhudia Hudaij kwa wema, huyo ni mwenzake, na yaliyomfika yatamfika.

Rafiki yake Mutarrif, msokota kamba, alijaa hasira, tena si kwa amiri peke yake. Walipokuwa wakichimba kaburi alimwambia jirani yake Ikrima, muuza siki, "Mji mzima huu, hakuna mwanamume hata mmoja! Mmekuwa kuku wa bandani: anakamatwa mmoja, wengine mnaendelea kudonoa."

Ikrima akafuta jasho. "Na wewe, ndugu yangu, siku ile ulikuwa umeketi wapi?"

"Ubavuni mwake."

"Mbona basi hatukukusikia?"

Mutarrif akainamia jembe lake, akiwaza: Mbona huyu ananichokonoa? Si juzi tu ameonekana akitoka kwa amiri? Tangu hapo akauchunga ulimi wake.

Walipokwisha kumsalia maiti uani mwa msikiti, askari wa amiri wakiwa wamesimama pembeni, imamu aligeuka kama ilivyo ada. Akauliza, "Enyi waumini, mnamshuhudiaje maiti huyu?"

Kimya. Nyuma ya safu, Rufaida, mjane wa Hudaij, alikuwa amewashika wanawe, akingoja wasikie japo neno moja juu ya baba yao.

Imamu akarudia. Mutarrif akatupa jicho huku na huku, na kila uso aliuona wa jasusi. Akamgeukia Ikrima, akamkuta anamtazama yeye, midomo nusu wazi, macho yamejaa hofu. Subhanallah! Mtu huyu ananiogopa mimi.

"Alikuwa mtu mwema!" akasema Mutarrif kwa sauti. "Nasema mimi, Mutarrif bin Saad. Nyumba yangu ni ile ya mlango wa kijani, nyuma ya soko la kamba."

"Alikuwa mtu mwema," akadakia Ikrima. "Mimi Ikrima, ninayempelekea amiri siki. Kesho atafute muuzaji mwingine."

Kicheko cha woga kikapita. Akashuhudia wa tatu, kisha safu nzima, kila mtu akitaja jina lake na mlango wake, hata askari wakakosa wa kumshika kwanza.

Mutarrif alichapwa viboko, na ukuta wa kisima haukubomolewa mwaka ule. Lakini Rufaida alirudi nyumbani akiwauliza wanawe, "Mmesikia?"

Ndugu zangu, tusifanye haraka kumwita jirani mwoga. Huenda anangoja kujua kwamba sisi si masikio ya dhalimu, nasi tunangoja lilo hilo kwake. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wa kwanza kumwondolea mwenzetu shaka hiyo.