Mbeba Kengele na Mtoto wa Jino la Juu

Nani hapa atasema naongopa? Asimame sasa nimwone sura, maana nikishaanza sirudi nyuma. Anayebisha apande Jabali la Vigego kwa miguu yake, achungulie kule chini, kisha aje kuniambia kama hakurudi nyuma akitambaa. Hakuna? Basi tulieni. Na wewe Mzee Tenga punguza kukohoa, huyu ninayemtaja ni wa kwenu pia.

Zama za mababu wa mababu zetu, Mrindoko ilipokuwa bado haijaitwa Mrindoko, na ukingo huu wa milima ya Upare ukiwa msitu, chui na nyumba tisa za nyasi, alizaliwa Elieshi mwana wa Mbonea, mwana wa Kiangi, mfua chuma aliyeshika kaa la moto kwa vidole akawashia kiko chake bila kukunja uso. Huyo Elieshi ndiye Mbeba Kengele, ndiye Mgongo wa Chuma, ndiye aliyebatizwa kule tambarare akatumwa arudi kwao na Neno. Kengele ya kanisa iliyowashinda wapagazi wanane aliibeba peke yake siku mbili za kupanda, akiimba, na chui aliyekutana naye njiani alisogea kando kama mtu mwenye adabu. Akaitundika kwenye mti wa mringaringa, akaipiga. Watu wote wa nyumba tisa walikuja kuitazama kengele. Waliobaki kusikiliza Neno walikuwa kumi na mmoja.

Kati ya hao kumi na mmoja alikuwamo mama mmoja aliyekufa siku aliyojifungua, na mumewe akashukia tambarare asionekane tena. Elieshi, ambaye hakuwa na mke wala mtoto, alimchukua yule kichanga, akamwita Namkunda, akamfunga mgongoni kwa shuka kama wanawake wafanyavyo. Wanaume walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Mama Elieshi! Umeshanyonyesha?"

"Namcheulisha kwanza, shemeji," alijibu Mbeba Kengele, na akaendelea kuchanja kuni, mtoto mgongoni.

Kicheko kiliisha mtoto alipofikisha mwezi wa saba. Ilikuwa katikati ya ibada; mtoto alicheka, na kila aliyekaa mbele aliona jino moja jeupe. La juu. Jino la kwanza, na limeota juu! Ibada ikaishia pale pale. Siku zile mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego, na kigego hakulelewa. Alipelekwa jabalini akasukumwa, na mama yake akakatazwa kulia. Tena mwaka ule mvua ilikuwa haijaonekana, mashina ya migomba yamelala chini, na watu walikuwa wakitafuta wa kumlaumu.

Ndipo akaja Kirenga, mtunza msitu wa matambiko, mtu ambaye hata mbwa walinyamaza akipita.

"Mtoto huyu amefunga mvua," alisema. "Siku tatu. Jua la siku ya tatu likitua bado anapumua, napasua chungu."

Ninyi vijana wa leo hamjui chungu. Chungu kikipasuliwa kwa maneno, maneno yanawaangukia waliotajwa, nao huisha mmoja mmoja, na vizazi vyao.

"Nitapanda jabalini," alisema Elieshi. "Nitapanda naye mgongoni, na nitashuka naye mgongoni."

Akapanda. Akapiga magoti ukingoni, uso kuelekea kule chini, na nyumba tisa zote zikakaa nyuma yake kutazama. Siku ya kwanza nyuki walimfunika mikono mpaka mabegani, naye hakukatiza sala hata kwa neno moja. Siku ya pili upepo wa moto ulitoka bondeni ukamkausha koo, sauti ikakatika, akaendelea kwa midomo tu. Kila alfajiri, watu wakiwa hawajafika, mama mmoja aliyejifunika uso alikuja akamnyonyesha mtoto, akashuka bila kusema kitu.

Siku ya tatu kilikuja kibaya kuliko nyuki. Kutoka kule chini, walikoangukia wote waliosukumwa, Elieshi alisikia sauti ya baba yake marehemu, ile ile, na kile kikohozi cha moshi wa kufulia chuma.

"Mwanangu. Ni mmoja tu. Mmoja kwa nyumba tisa. Utawaua wote kwa ajili ya jino?"

Alijua si baba yake. Alijua, na bado machozi yalimtoka, kwa sababu hesabu ile ilikuwa ya kweli masikioni, na nyuma yake watoto wa wengine walikuwa wakilia njaa. Jua lilikuwa limeinama.

Kirenga akanyanyua chungu.

"Aliyemzaa, aliyembeba, aliyemnyonyesha! Wao na uzao wao, waishe kama vigae hivi!"

Akakibamiza. Kabla vigae havijatulia, mama mmoja alitoka katikati ya wanawake, mtoto wake wa mwisho kiunoni, akajifunua uso. Alikuwa Nakundwa, mke wa Kirenga mwenyewe.

"Baba Senzota," alisema, "nimemnyonyesha mimi. Tangu siku ya pili ya uhai wake. Umenitaja. Umemtaja na huyu mwanao."

Hapo ndipo mtunza msitu alipoanguka chini akakusanya vigae kwa mikono miwili, akijikata vidole, akijaribu kuviunganisha kama mtoto anayecheza na udongo.

"Elieshi, mwanangu," alilia, "kama Mungu wako ana mikono, avikusanye yeye!"

Na Mbeba Kengele akaomba, wingu likasimama juu ya jabali, mvua ikashuka ikajaza vile vigae kimoja kimoja mpaka damu ya Kirenga ikaoshwa. Hakuna mtoto aliyesukumwa tena pale.

Elieshi aliishi mpaka akawa mweupe kichwa kizima. Halafu siku moja aliitia kamba ya kengele mkononi mwa Namkunda, akavuka ukingo kwenda kwa watu waliosemekana bado wana jabali kama letu, na hakurudi. Kaburi hana. Ana mashimo mawili juu ya mwamba, alipopiga magoti. Nimejaribu, magoti yangu yanaenea. Na ametuachia desturi: jino la kwanza la mtoto, liote juu, liote chini, tunapanda jabalini, na anayeomba ni mama anayenyonyesha. Sisi wanaume, mchungaji akiwemo, tunavua kofia na kufunga midomo. Kwa heshima ya Mbeba Kengele.

Hivyo ndivyo tunavyosimulia.

Mbona mnanitazama hivyo? Haya. Kuna kipande nimekiruka. Kila anayesimulia hukiruka.

Chungu kilipoinuliwa, Mgongo wa Chuma alikuwa ameshalifungua lile shuka. Mtoto alikuwa chini, juu ya mwamba, na mkono wa Elieshi ulikuwa mgongoni mwa mtoto, tayari kumsukuma. Nakundwa hakutoka kwa sababu ya chungu. Alitoka kwa sababu aliuona mkono ule. Na Kirenga alipoomba aombewe, Elieshi alifungua mdomo, hakukuwa na kitu ndani. Aliyeomba ni yule mama, ambaye hakuwahi kukanyaga kanisani.

"Mungu wa Elieshi," alisema, "sijui kwenu wanakuitaje. Huyu nimemnyonyesha. Tuachie."

Mvua haikunyesha siku ile. Ilikuja baada ya siku kumi na tisa, manyunyu tu. Siku zote hizo nyumba tisa zilikaa zikisubiri nyumba ya Kirenga ianze kuisha, na hakuna aliyeugua hata mafua.

Elieshi mwenyewe aliyasema haya kila mwaka, mbele ya kanisa zima, kabla ya kufungua Biblia. Sisi ndio tuliomfutia.

Nami nimeyapata wapi? Namkunda ndiye aliyemzaa babu yangu. Haya, nani alitaka kubisha?