Punda Aliyesimama

Kulikuwa na daktari mmoja wa wanyama, wapendwa, lakini si wa ng'ombe wala mbuzi. Yeye alitibu farasi na punda tu. Alipoacha ajira ya serikali na kufungua kazi yake mwenyewe, watu walimcheka. Utakula nini wewe, nchi hii ina farasi wangapi? Yeye akaenda zake chini ya mlima, kwenye mashamba yenye farasi wa kupandwa na watalii, na kwenye vijiji ambako bila punda hakuna nyumba inayopata maji. Akafanikiwa kweli kweli.

Alifanikiwa kwa sababu alikuwa mtu wa kukaa. Nisikilizeni hapo. Ugonjwa unaoua sana wanyama hawa ni wa tumbo. Utumbo unaziba, mnyama anajitupa chini na kugaagaa. Daktari alikuwa na sindano kali ya maumivu, na mnyama akichomwa, haupiti muda ananyanyuka na kujikung'uta vumbi, utadhani hajaumwa kitu. Lakini daktari alijua kwamba sindano ile inaondoa maumivu tu, utumbo haiuzibui. Kwa hiyo akishachoma, alipitisha mpira puani, akammiminia mnyama mafuta ya kulainisha tumbo, halafu akageuza ndoo na kuikalia. Alikuwa anasubiri nini? Kinyesi. Mnisamehe, najua niko madhabahuni, lakini ndivyo ilivyo. Mpaka mnyama apate choo, daktari haondoki.

Sasa kazi ikakua. Simu ikawa haitulii, huku shamba hili linamwita, kule kijiji kile. Na daktari akagundua jambo. Watu walimshukuru pale mnyama aliposimama. Hapo ndipo walipopiga makofi, wakamshika mikono, wakamsifu kwa majirani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumsifu kwa kukaa juu ya ndoo. Basi kidogo kidogo akaacha kukaa. Anachoma, mnyama anasimama, yeye anapanda gari. Na wengi walipona, kwa hiyo jina lake likazidi kukua.

Siku moja akaitwa na mama mjane, aliyeuza maji kwa mkokoteni wa punda. Punda wake alikuwa amekula mifuko ya nailoni jalalani, yuko chini, macho yamemtoka. Mama yule hakuwa na shamba wala ndugu wa kumtegemea. Watoto wake walikula kwa mgongo wa punda yule, basi.

Daktari akachoma sindano. Punda akasimama. Mama akalia kwa furaha, akamshika punda shingoni.

"Daktari, amepona?"

"Si unamwona amesimama, mama?"

Mmesikia jibu hilo? Hakudanganya. Aliuliza swali tu, akaingia kwenye gari, kwa sababu kwenye shamba fulani farasi wa tajiri alikuwa anachechemea.

Kesho yake mama akaja ofisini kwake, amejifunga kanga vizuri, uso umetulia. Daktari akamkaribisha kiti.

"Nimekuja kukushukuru," mama akasema. "Punda amekufa leo asubuhi, pale kwenye mwinuko wa kwenda shuleni. Alikunja magoti tu, hata hakuhangaika. Nikamfungua kamba, nikamwekea mkono mpaka akakata roho. Wewe ulimwondolea maumivu, baba. Wengine niliowapigia simu hawakuja kabisa."

"Mama, ulimrudisha kwenye mkokoteni?"

"Si alikuwa amepona?"

Daktari alitaka kumwambia kwamba sindano haikuuzibua utumbo. Lakini akasema tu, "Pole, mama," na mama akaitikia, akaaga, akaenda. Siku hiyo hiyo alianza kubeba madumu kichwani. Hakumlaumu daktari hata siku moja. Alimsifu kila alikopita, na daktari hakupoteza mteja. Inaniuma sana, ndugu zangu. Mtu ameua riziki ya mjane, na mjane anamwombea baraka.

Mnamkasirikia daktari? Naona wengine mnatikisa vichwa. Mkasirikieni polepole, maana sasa nakuja kwetu.

Sisi kwenye msiba ni hodari. Tunafunga turubai, tunachota maji, tunapika, kwaya inaimba mpaka sauti zinakauka. Mfiwa akianguka tunamdaka. Tunamwambia jikaze, tunamwambia Mungu yupo, na hayo ni kweli, ni dawa nzuri. Siku ya pili au ya tatu anaacha kulia. Anaosha uso, anakunywa uji. Sisi tunatazamana tunasema, "Mungu amemtia nguvu." Tunakunja turubai, tunarudisha viti vya kuazima, tunaondoka tukishukuriwa mlangoni. Jumapili akija kanisani amevaa vizuri, ndiyo kabisa. Tunampa kazi: asimamie usafi, aongoze maombi, apikie wageni. Tunamfunga kwenye mkokoteni, wapendwa, na tunampakia.

Nani kati yetu amewahi kurudi wiki ya tatu, bila sufuria, bila hotuba, akakaa tu? Nani amekaa mpaka kile kilichomziba mwenzake kikatoka?

Yuko mtu humu ndani ambaye tulimzikia mwenzi wake mwaka huu. Sitamtaja, msigeuke kumtafuta. Hajalia mbele yetu tangu makaburini. Ameniambia nimweleze hivi kila anayemuulizia: anaendelea vizuri. Haya, nimewaeleza. Lakini jana nilipita kwake nikamkuta peke yake, amepakua chakula kwenye sahani mbili.