Chai ya Fundi Mbwiga

Kila alipotaka kuseti mashine ya kukereza vyuma, Fundi Mbwiga alimtuma mwanagenzi wake, Sikudhani, akanunue chai. Akirudi, anakuta mashine inazunguka. Sikudhani akawa bingwa wa kuchagua maandazi, mashine haijui.

Siku moja akasema, “Fundi, Mama Chausiku wa chai anasema unabahatisha tu.”

Mbwiga akaweka spana chini. “Mwite. Aje na birika lake.”

Mama Chausiku alipokuja, Mbwiga akamwonyesha taratibu kisu cha mashine kinakaa wapi na kwa nini, Sikudhani akiwashikia vikombe.

“Huko ndiko kubahatisha?”

“Hapana, fundi,” akajibu mama, asiyeelewa kitu.

Nje akamvuta Sikudhani pembeni. “Mimi nilisema hayo lini?”

“Hukusema, mama. Ila leo chai imekuja yenyewe, nami nikabaki ndani.”